Kitambaa cha Suti Kavu katika Maji ya Katanga ya Juu

Katika nchi za kaskazini, ambako maziwa hufunikwa na barafu kwa miezi kadhaa, anayechagua suti kavu huanza kwa kuuliza maji yana ubaridi gani, kisha hutafuta kitambaa kinacholingana na jibu. Katika Haut-Katanga mpangilio huo wa maswali humpotosha mnunuzi. Maji ya nyanda hizi ni baridi kiasi cha kumdhoofisha mtu, lakini si baridi kiasi cha kuamua aina ya kitambaa. Kinachoamua ni yale yaliyoyeyuka ndani ya maji hayo na viumbe wanaoishi humo, na baada ya hapo ni urahisi wa kuliziba vazi linapotoboka likiwa mbali na kiwanda kilicholishona.

Suti kavu ni vazi la kuzamia lisilopenya maji, linalofunika mwili kuanzia miguuni hadi shingoni na kwenye vifundo vya mikono, likiwa na zipu isiyovuja, vibano vinavyokaza shingo na mikono, na vali mbili, moja ya kuingiza gesi kutoka kwenye mtungi na nyingine ya kuitoa. Inatofautiana na suti ya maji, ambayo huruhusu maji kidogo yaingie na kukaa karibu na ngozi, ambako hupashwa joto na mwili wenyewe. Ndani ya suti kavu kinachoigusa ngozi ni nguo za kawaida zilizojaa hewa, na tofauti hiyo ndiyo asili ya kila jambo linalofuata, kwa sababu maji hupitisha joto takriban mara 24 kuliko hewa iliyotulia.

Wanaohitaji vazi kama hilo katika eneo hili si watalii. Ziwa Tanganyika, ambalo juu yake maji hayashuki sana chini ya nyuzi 24 za sentigredi na ambalo hata vilindi vyake hubaki karibu na nyuzi 23, limewapokea wazamiaji wa samaki wa mapambo na watafiti waliovaa suti nyepesi za maji, na kwa wengi wao hilo lilitosha. Hali ni nyingine kwenye mabwawa ya umeme yaliyojengwa kwa ajili ya migodi ya shaba: Mwadingusha juu ya mto Lufira, lililoanza kazi mwaka 1930 na kuzaa ziwa la Tshangalele, Koni, lililo chini yake kwenye mto huohuo, na Nzilo na Nseke juu ya mto Lualaba, ambayo tangu Katanga ilipogawanywa mwaka 2015 yamo katika mkoa wa Lualaba. Mabwawa yote ya namna hii yana milango ya chuma, nondo za kuzuia magogo kwenye vinywa vya mabomba, na kuta za zege ambazo hazina budi kukaguliwa chini ya maji. Mzamiaji wa kazi hiyo haogelei bali husimama au kuning'inia mahali pamoja, akishika taa au ufunguo wa kufungulia nati, na kwa kuwa misuli yake haifanyi kazi kubwa, mwili wake hauzalishi joto jingi la kufidia lile linaloondoka.

Mtu aliye uchi ndani ya maji hudumisha joto lake bila kutetemeka pale tu maji yanapokaribia nyuzi 33 au zaidi. Chini ya hapo yuko katika hasara, na kinachobaki kujadiliwa ni kasi ya hasara hiyo. Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200, na katika miezi ya Juni na Julai usiku wake huweza kushuka chini ya nyuzi 10. Maji yaliyopoa juu ya bwawa huwa mazito kuliko yaliyo chini yake, kwa hiyo huzama, na katika bwawa lenye kina hubaki huko hata msimu wa mvua unapoupasha moto uso wa maji. Ndiyo maana mzamiaji anayeingia mwezi wa Januari akijiamini kwa sababu uso wa maji una joto la kupendeza hukutana, mita kadhaa chini, na maji ya Julai iliyopita. Hayo hayafiki nyuzi 4 zinazopatikana chini ya maziwa ya Ulaya, ila kwa mtu aliyesimama saa nzima akikaza nati, tofauti kati ya maji ya nyuzi 4 na ya nyuzi 19 ni tofauti ya muda anaoweza kuvumilia, na yote mawili yatamshinda hatimaye.

Kuna sababu ya pili inayomfanya mtu wa Katanga atake kubaki mkavu, nayo haihusiani na kipimajoto hata kidogo. Viluwiluwi vya kichocho, ugonjwa unaosambazwa na konokono wa maji yasiyo na chumvi yaliyotulia, hupenya kwenye ngozi iliyo ndani ya maji katika muda wa dakika chache, na suti ya maji, ambayo kwa umbile lake huruhusu maji kupita, haiwezi kuaminiwa kuvizuia. Kinga inayotolewa na suti kavu dhidi ya vimelea hivyo ni ya kweli, mradi viganja vivikwe glavu kavu zilizounganishwa na mikono ya suti, na kichwa kifunikwe kwa kofia na barakoa ya uso mzima. Mamba na viboko wa Lufira na Lualaba wanastahili kutajwa kwa sababu tu wauzaji hawawataji: hakuna kitambaa kinachojibu suala lao, na jibu lao hutafutwa juu ya maji, kwa walinzi na kwa kuchagua saa na mahali.

Aina ya kwanza ya kitambaa inayofikiriwa na wengi ni neopreni yenye povu. Neopreni ni mpira wa maabara uliopatikana mwaka 1930 katika kampuni ya DuPont ya Marekani, na katika suti za kuzamia hutengenezwa ukiwa umejaa vipovu vidogo vya gesi vilivyofungwa, ambavyo ndivyo vinavyohami joto. Suti ya namna hii huukaa mwili vizuri, hunyumbulika, na hata ikivuja hubaki na joto kiasi, kwa kuwa kihami kimo ndani ya ukuta wake wenyewe. Udhaifu wake unatokana na chanzo hichohicho cha nguvu zake. Vipovu vya gesi hutii kanuni ya Boyle, kwamba shinikizo likiongezeka maradufu ujazo hupungua nusu, na mzamiaji anayeshuka huiona suti yake ikikonda, ikipoteza joto na kupoteza uwezo wa kuelea kwa wakati mmoja, yaani hasa pale ambapo maji nayo yanazidi kupoa.

Mwinuko huharakisha jambo hilo. Baharini shinikizo huongezeka maradufu mzamiaji anapofika mita 10 hivi. Kwenye mwinuko wa Lubumbashi, ambako hewa inayolalia maji ina shinikizo la takriban asilimia 87 tu ya lile la pwani, mita 9 za maji zinatosha kulifanya shinikizo kuwa mara mbili, na mita 27 hulifanya kuwa mara nne. Kipovu kilichovimba kidogo zaidi juu ya maji hupondwa mapema zaidi chini yake. Majedwali ya kupanda kwa awamu, yanayomwambia mzamiaji asubiri wapi na kwa muda gani ili naitrojeni imtoke mwilini bila madhara, hayana budi kurekebishwa kwa sababu hiyohiyo, na atakayesahau hilo hataokolewa na kitambaa chochote. Aidha, maji yasiyo na chumvi ni mepesi kuliko ya bahari kwa takriban asilimia 2.5, kwa hiyo mtu ambaye pamoja na vifaa vyake ana uzito wa kilo 110 huhitaji risasi za kumzamisha pungufu kwa karibu kilo 3 ikilinganishwa na alizobeba Mombasa au Zanzibar. Na kwa kuwa neopreni yenye povu hudai risasi nyingi kuliko vitambaa vingine, makosa ya hesabu hiyo huonekana zaidi kwa aliyeivaa.

Watengenezaji walijaribu kuuondoa udhaifu huo kwa kuiponda neopreni kiwandani kabla haijashonwa, hadi vipovu vingi vikasinyaa na kitambaa kikawa chembamba na kigumu zaidi. Neopreni iliyopondwa haibadiliki sana kwa kina, huvumilia kukwaruzwa na mawe na zege, na imependwa kwa haki na wazamiaji wa mapango na wa meli zilizozama. Hata hivyo imebaki nzito, hukauka polepole, na nje yake imefunikwa kwa kitambaa cha nailoni kinachofyonza maji. Kwenye mto safi wa mlimani kufyonza huko ni kero ndogo. Chini ya Likasi ni kasoro inayotosha kuikataa.

Suala la usafi wa maji linahitaji kutazamwa kwa makini, kwa sababu hapa ndipo Katanga inapojitenga na vitabu vya mwongozo vilivyoandikwa kwingine. Mto Panda hupita Likasi, mji ambao viwanda vyake vya shaba na kobalti vilianza enzi ya kampuni ya Union Minière na kurithiwa na Gécamines, kisha huingia Lufira, na Lufira huingia Tshangalele, ziwa pana lisilo na kina kirefu ambalo hutuliza tope na kila kilichobebwa na tope hilo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, ulionyesha kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha madini Katanga wana kobalti nyingi mno katika mkojo wao, na utafiti uliofuata uliwahusisha samaki wa Tshangalele wenyewe. Mzamiaji anayefanya kazi kwenye nondo za bwawa hutimua kwa miguu yake tope hilohilo. Metali zilizo ndani ya maji haziingii kwa urahisi kupitia ngozi nzima isiyo na jeraha, lakini tope lililonaswa kwenye nyuzi za vazi hutoka nalo nje, hukauka, huwa vumbi ndani ya gari na ndani ya chumba cha kuhifadhia, na kutoka hapo njia ya kwenda mdomoni na mapafuni ni fupi. Kwa hiyo swali la kwanza linalofaa kuulizwa kuhusu kitambaa katika maji haya ni kama kinaoshwa kikatakata.

Mpira uliopikwa kwa salfa ndio unaojibu vizuri kuliko vyote. Huo ni mpira ambao molekuli zake ndefu zimefungamanishwa kwa salfa na moto, njia aliyoigundua Charles Goodyear mwaka 1839 na kuipatia hataza Marekani mwaka 1844, hata ukaacha kunata wakati wa joto na kupasuka wakati wa baridi. Kabla yake Charles Macintosh alikuwa amekwisha kuweka mpira mbichi kati ya vitambaa viwili mwaka 1823, na kufikia mwaka 1837 Augustus Siebe alikuwa ametengeneza vazi la kuzamia lililofungwa kabisa kwa kuunganishwa na kofia ya shaba, likawa babu wa suti kavu zote. Msomaji wa Kongo hawezi kuipita historia hiyo bila kusimama kidogo, kwani mahitaji ya dunia ya mpira uliopikwa, yaliyopaa baada ya tairi la upepo la Dunlop la mwaka 1888, ndiyo yaliyoigeuza miti mitambazi ya misitu ya Kongo kuwa sababu ya mateso ya mamilioni ya watu chini ya utawala wa Leopold wa Pili hadi mwaka 1908. Katanga, nchi ya shaba, haikuwa kitovu cha uovu huo, ingawa nayo ilipewa makampuni kwa mantiki ileile.

Suti ya kisasa ya mpira uliopikwa hutengenezwa kwa kitambaa cha ndani kilichofumwa, kwa kawaida cha poliesta, ambacho juu yake hupakwa mpira wa asili uliochanganywa na mpira wa viwandani unaostahimili jua na ozoni, kisha vazi zima hupikwa likiwa limekwisha kuunganishwa, hata mishono ikawa sehemu ya mpira wenyewe. Uso wake ni laini kama wa ndani ya tairi. Maji ya bomba, sabuni na brashi huuondolea tope lote, na vazi hukauka kwa dakika chache. Ndiyo sababu miongozo ya kazi za kuzamia katika maji machafu, ikiwa pamoja na ya jeshi la majini la Marekani, huuweka mpira huu mbele ya vitambaa vingine. Uzito ni gharama yake: vitambaa vya suti za Viking, ambazo wazamiaji wa bandari na wa zimamoto wamezitumia kwa miongo mingi, vina gramu 1,050 kwa mita ya mraba katika aina ya kawaida na gramu 1,500 katika aina nzito, na aliyeivaa juani akisubiri zamu yake hutokwa jasho ambalo baadaye, chini ya maji, litampoza. Mpira wa asili pia huvimba na kulegea ukikaa kwenye mafuta ya petroli, na viwanda vinavyotenganisha shaba na kobalti kwa vimiminika hutumia mafuta ya jamii ya taa. Basi pale panapoonekana utando wa mafuta juu ya bwawa la kiwanda, neopreni isiyo na povu, inayovumilia mafuta kuliko mpira wa asili, ina nafasi yake, na pale penye asidi kali jibu sahihi ni kutomwingiza mtu yeyote.

Sifa nyingine ya mpira uliopikwa haipewi uzito katika katalogi, ilhali Lubumbashi ni sifa kubwa. Tundu lake huzibwa kama tundu la mpira wa ndani wa tairi: mahali husuguliwa, hupakwa gundi ya mpira, husubiriwa, kisha kiraka hukandamizwa, na saa chache baadaye vazi hurudi kazini. Ujuzi huo umejaa kando ya kila barabara kuu ya mji, mikononi mwa mafundi wa matairi ambao Wakongo huwaita kwado, na ingawa suti ya maelfu ya dola isikabidhiwe kwa mtu asiyeonyeshwa kwanza inavyofanya kazi, fundi mwenye mkono mzuri hujifunza tofauti kwa asubuhi moja. Vitambaa vingine huhitaji gundi za poliurethani ambazo hukauka kwa siku nzima, huharibika zikifunguliwa, na huagizwa kutoka mbali.

Kitambaa cha tabaka tatu kina karatasi ya mpira wa butili katikati, na poliesta au nailoni pande zote mbili. Butili, iliyobuniwa Marekani mwaka 1937, huzuia gesi kupenya kuliko mpira wa asili kwa kiasi kikubwa, na kwa sababu hiyo karatasi nyembamba tu inatosha. Vazi linalotokana nayo ni jepesi, hukunjwa likaingia kwenye sanduku la ndege, halibadiliki hata kidogo kwa kina, na kwa kuwa lenyewe halihami joto, humruhusu mwenye nalo kuongeza au kupunguza nguo za ndani kulingana na maji. Kwa mwana wa Lubumbashi anayeishi Liège na kuzamia katika machimbo ya mawe yaliyojaa maji, kama La Gombe huko Esneux, ambako majira ya baridi maji hukaribia nyuzi 4, kisha akarudi nyumbani likizo, hakuna kitambaa kinachofaa zaidi. Hata hivyo poliesta ya nje hunasa tope, na mishono yake, iliyofunikwa kwa utepe wa gundi, ndiyo mahali inapoanza kuvuja baada ya miaka. Wauzaji huitaja kama kitambaa cha kila hali. Kwenye maji safi dai hilo linakaribia kuwa kweli. Kwenye mabwawa ya Lufira si kweli.

Mpira uliopikwa na kitambaa cha tabaka tatu vyote havimpi mtu joto. Kazi hiyo hufanywa na nguo za ndani, na fedha inayobanwa huko ndiyo inayorudi kama kutetemeka. Nguo ya ndani hufaa kwa kiasi cha hewa inachoshikilia na kwa kubaki na hewa hiyo inapobanwa na inapoloa jasho. Pamba hushindwa katika mtihani wa pili, kwani ikiloa huganda mwilini na kupitisha joto kama maji yenyewe, sufu hufaulu, manyoya ya poliesta, yale ya koti jepesi linalopatikana katika marobota ya mitumba, hufaulu pia kwa bei ndogo, ingawa hubanwa kwa urahisi zaidi ya vitambaa vya nyuzi nyembamba vilivyobuniwa kwa kazi hii. Katika maji ya nyuzi 18 hadi 20 tabaka moja la karibu na ngozi linaloondoa jasho na jingine la manyoya ya uzito wa kati hutosha watu wengi kwa saa moja ya kazi tulivu, wakati maji ya Esneux hudai mara mbili ya hayo.

Baadhi ya wazamiaji wa maji ya barafu hujaza suti zao argoni, gesi ambayo hupitisha joto kwa takriban theluthi mbili tu ya hewa. Katika mji wa migodi argoni si adimu, kwa kuwa hutumika kuchomelea vyuma, na kishawishi cha kuazima mtungi kwenye karakana ni rahisi kukielewa. Faida yake katika maji ya Katanga ni ndogo mno kuhalalisha hatari yake: argoni haina oksijeni, haina harufu, na mtu anayeivuta kwa kukosea mtungi hupoteza fahamu bila onyo.

Vibano vya shingo na mikono hutengenezwa kwa lateksi, silikoni au neopreni. Lateksi hukaza vizuri na hubandikwa kwa gundi ileile ya mpira, lakini huliwa na jua, mafuta, na ozoni inayotolewa na mota za umeme, kwa hiyo chumba cha jenereta, ambacho kwenye mabwawa mengi ndicho chumba kikavu na cha karibu zaidi, ndicho mahali pabaya kuliko pote pa kuihifadhi. Silikoni hudumu kwenye jua na hubadilishwa kwa mkono bila gundi kwenye suti zenye pete maalumu, ila huchanika ghafla ikiguswa na ncha kali. Zipu za shaba hupakwa nta na hazikunjwi. Vumbi jekundu la kiangazi, likichanganyika na nta hiyo, huwa msasa unaoyala meno ya zipu, na ni afadhali zipu isuguliwe kwa mswaki na maji kila jioni kabla nta mpya haijapakwa. Suti iliyozibwa hupimwa kabla ya kurudi majini kwa kufunga vibano vyake kwa chupa na mkebe vya ukubwa unaofaa, kuijaza hewa kupitia vali yake, kuipaka maji ya sabuni kwenye mishono, zipu na viraka, na kuiacha ikiwa imevimba kwa muda wa kutosha hata tundu dogo kuliko ncha ya sindano lionekane likitoa povu.